Mikono Nyuma ya Mkanda wa Mizigo

Tangu sheria ya Marekani ya Novemba 2001 ilipoagiza mizigo yote ya ndege za abiria ikaguliwe, kazi hiyo imewaangukia wakaguzi ambao abiria huwaona kwa nadra, kwani wengi wao hukaa katika vyumba vya ndani vyenye kelele za mitambo. Sanduku la kilo 23, na wakati mwingine 32, hunyanyuliwa kutoka kwenye mkanda, yaani ukanda wa mpira unaojiendesha, hufunguliwa mezani, kisha hurudishwa. Mgongo ndio unaolipa. Mashine ya eksirei, ambayo hupenyeza mionzi ndani ya mzigo, huzibwa milangoni kwa mapazia yenye madini ya risasi, nayo hatari huongezeka mkono unapopitishwa humo kuvuta begi lililokwama, ilhali fimbo tu ya kusukumia (kifaa duni kabisa) ingeuepusha. Meza zinazopanda na kushuka huokoa viuno, na glavu ngumu huzuia sindano na nyembe zilizosahauliwa kati ya nguo. Kabla begi halijafungwa, kikaratasi cha taarifa huachwa ndani, na mara nyingi hicho ndicho pekee ambacho mwenye mali hukijua kuhusu mkaguzi wake.