Kabla Upepo Haujaamka

Mtu anayesafiri kwa gari kutoka Swakopmund kwenda Walvis Bay, kwenye pwani ya Namibia, huona bahari upande mmoja na vilima vya mchanga upande wa pili, na vilima hivyo huonekana vitupu kabisa. Hakuna mti, hakuna nyasi, hakuna kivuli. Wageni wengi wanaofika kusini mwa Afrika kutazama wanyama huwa na haraka ya kwenda Etosha au Chobe, waliko tembo na simba. Wachache hutenga asubuhi moja kwa ajili ya vilima hivi, wakafuatana na mwongoza watalii aliyebobea katika kazi moja tu: kusoma alama zilizoachwa mchangani usiku, na kumfuata mwenye alama mpaka alipojificha. Nimeshuhudia kazi hiyo ikifanywa na mzee mmoja asiyejua kukimbizana na saa, na katika mambo yote ya safari za kutazama wanyama sijui jingine linalodai jicho kali na mkono mwepesi kiasi kile.

Lami ilipoishia mzee alisimamisha gari, akachuchumaa kwenye gurudumu, akafungua kizibo cha vali na kuacha upepo utoke huku geji ikiwa mkononi. Tairi lililopunguzwa upepo hutanuka, likaubeba uzito wa gari juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Kijana anayejifunza kazi kwake, ambaye humwita Tate kama Wanamibia wengi wanavyomwita mwanamume wa rika la baba, alishughulikia magurudumu ya nyuma. Mzee akayapima tena mwenyewe. Baada ya hapo tulifuata njia ileile iliyopitwa na magari ya jana na juzi, wala hakutoka nje yake hata pale ilipokuwa mbovu. Hapa ni Hifadhi ya Taifa ya Dorob, iliyotangazwa mwaka 2010. Kwenye tambarare za changarawe zilizomo ndani yake alama ya gurudumu hukaa miongo mingi bila kufutika, kwa kuwa hakuna mvua ya kuiosha, na buabua wadogo wa pwani hii hutaga yai lao palepale chini, hadharani.

Kisha tukasubiri. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya vilima, na mzee hakuwa na mpango wa kuanza kazi ndani yake. Mkondo baridi wa Benguela unapita karibu na pwani hii ukitoka kusini. Hewa yenye unyevunyevu ikipita juu ya maji hayo hupoa na kuwa ukungu, na upepo huusukuma jangwani kilomita nyingi kutoka baharini. Mvua ya Swakopmund mara nyingi haifiki milimita 20 kwa mwaka mzima, hivyo ukungu ndio maji ya viumbe wote tuliokuja kuwatafuta. Kusini-mashariki mwa Walvis Bay, kando ya mto Kuiseb, kuna kituo cha utafiti cha Gobabeb kilichoanzishwa mwaka 1962. Mwaka 1976 watafiti William Hamilton na Mary Seely walieleza walivyomwona mbawakawa mmoja wa Namib akipanda alfajiri hadi kwenye mgongo wa kilima, akauelekea upepo, akainamisha kichwa na kuinua makalio, mpaka ukungu ukamgandia mgongoni na kumtiririkia kinywani. Mzee alilisimulia hilo kwa sauti ya mtu anayemsifu jirani.

Lakini kusubiri kwake kulikuwa na sababu nyingine. Alama ya mchangani haionekani kwa rangi, huonekana kwa kivuli. Chini ya ukungu mwanga hutoka kila upande na mchanga wote huwa rangi moja. Ukungu ukiinuka, jua la asubuhi likiwa bado chini, kila kijitundu hupata upande wenye mwanga na upande wenye giza, na mteremko uliokuwa mtupu hujaa mistari. Jua likipanda sana vivuli hupotea. Mchana upepo wa kusini-magharibi huja kufuta kilichobaki. Kazi yote, basi, inakaa katikati ya ukungu na upepo, na mzee anaujua urefu wa nafasi hiyo bila kutazama mkono.

Jua lilipotoka alishuka, akasimama chini ya kilima cha kwanza, akautazama mteremko bila kupiga hatua. Nilidhani anapumzika. Kumbe alikuwa anasoma kutoka mbali, kutafuta mistari inayopandana, kabla hajaiharibu kwa miguu yake. Kisha alituita tusimame nyuma yake kwa mstari mmoja, jua likiwa mbele yetu ili vivuli vitujie, na akaanza kunyoosha fimbo.

Vitone vidogo vinavyokwenda kwa jozi, pembezoni mwa njia nyembamba: mbawakawa. Nyayo pana zisizo na makucha, zilizotawanyika pande mbili: mjusi kafiri wa usiku. Mstari uliopindapinda chini ya ngozi ya mchanga, ukiuinua kidogo kama mshono: mjusi asiye na miguu, anayeogelea ndani ya mchanga uliolegea wa upande wa mporomoko. Fimbo haikugusa chini. Ilielea juu ya kila alama na kuhamia nyingine.

Kutambua mnyama ni hatua ya kwanza tu, na wageni wengi huridhika nayo. Linalomshughulisha mzee ni saa. Alipiga goti, akainamisha kichwa mpaka shavu likakaribia mchanga, akatuonyesha jambo ambalo sikuwa nimeliona nikiwa nimesimama: ngozi yote ya kilima ilikuwa imejaa vishimo vidogo mno, vilivyotobolewa na matone ya ukungu. Alama yenye vishimo hivyo ndani yake ilikuwapo kabla ukungu haujatua. Mwenyewe alipita mapema usiku, na huenda sasa yuko mbali au amekwisha kuliwa. Alama iliyovunja vishimo imepita juu yake, basi mwenyewe alikuwa hapa alfajiri. Ndipo mzee alipoangalia kingo. Mchanga wenye unyevu hushika ukingo mkali. Unapokauka, punje huanza kuporomoka ndani moja moja, na ukingo hulainika. Kwa mambo hayo mawili, vishimo na kingo, mzee aliweza kuzipanga alama za mteremko ule kwa mfuatano wake, ya kwanza hadi ya mwisho, na kuchagua ile moja iliyofaa kufuatwa.

Alichagua nyayo za mjusi kafiri. Zilipanda kwa mshazari, zikazunguka, zikarudi, na mwishoni zikakoma. Hapakuwa na shimo. Mjusi huyu huchimba handaki na kuuziba mlango nyuma yake, na kinachobaki juu ni mchanga uliovurugika kidogo wenye umbo la nusu mwezi. Mzee aliweka kiganja mbele ya umbo hilo, akafikiri handaki limeelekea wapi, kisha akaanza kuondoa mchanga kwa kidole cha shahada, polepole kama mama anayetoa miiba ya samaki kwenye chakula cha mtoto. Hakuchimba kutoka juu, kwa kuwa paa lingemwangukia mnyama. Alifuata handaki kwa ubavu, akiacha mchanga mkavu uporomoke kando na kuusikiliza ule wenye unyevu kwa ncha ya kidole. Kila baada ya muda alisimama, akangoja. Mkono ulipozama hadi karibu na kiwiko alitulia kabisa, na ulipotoka ulikuwa umefumbwa nusu.

Mjusi aliyekuwa kiganjani alikuwa na ngozi nyembamba kiasi kwamba viungo vya ndani vilionekana kwa mbali kama kivuli. Rangi yake ni ya waridi iliyofifia, yenye michirizi ya kahawia. Vidole vyake vimeunganishwa kwa utando, na utando huo humsaidia kuusukuma mchanga anapochimba na kutembea juu yake bila kuzama. Macho ni makubwa na hayana kope za kufumba, hivyo huyasafisha kwa ulimi, na kwa ulimi huohuo hulamba matone ya ukungu yaliyomtua mwilini. Mzee alikaa akilipa jua mgongo ili mwili wake mwenyewe umtilie mjusi kivuli, kwa sababu ngozi ile haikuumbwa kwa ajili ya mchana. Tulimwona kwa muda mfupi tu. Kisha mzee alitoboa handaki jipya kwa fimbo, chini, penye mchanga wenye unyevu, akamwelekeza kichwa humo, akangoja aingie mwenyewe, akaziba mlango na kulainisha juu kwa upande wa kiganja.

Hakufukua mwingine. Wapo waongozaji wanaofukua kila wanachokiona ili mgeni apate picha, na siku yao huonekana kuwa na wanyama wengi. Mimi naona kipimo cha fundi wa kazi hii ni idadi ya milango aliyoijua akaiacha imefungwa. Asubuhi ile mzee alipita karibu na milango mingi, akaitaja, akaenda zake.

Nyoka, mzee alimpata kwa njia nyingine. Jamaa huyu wa kifutu, mdogo asiyefika urefu wa mkono wa mtu kutoka kiwiko hadi vidoleni, hatambai kwa kufuata kichwa chake. Huenda kwa ubavu, akiinua sehemu ya mwili na kuitupa mbele, hivyo haachi mburuzo mmoja bali mistari mifupi iliyotengana, kila mmoja ukiwa mshazari. Ncha moja ya mstari hupinda kama herufi J, na mpindo huelekea anakokwenda. Mzee aliifuata mistari hiyo kwa macho hadi kwenye kichaka cha majani mazito ya mviringo, akatusimamisha hatua kadhaa kabla hatujafika, akasema yuko hapa. Tulitazama. Mchanga ulikuwa mchanga. Alishusha fimbo taratibu mpaka ncha yake ikatuonyesha sehemu isiyozidi ukubwa wa kiganja, na hata hapo tulichukua muda. Yalikuwapo macho mawili tu, kwa kuwa nyoka huyu ameumbiwa macho juu ya kichwa na anaweza kujizika mwili wote akaendelea kutazama. Kando yake ilichomoza ncha ya mkia, nyeusi. Akiitikisa, mjusi mwenye njaa huidhani buu, akaifuata.

Tulikaa pale bila mtu kusema. Mzee hakumgusa, hakumsogeza ili aonekane vizuri zaidi. Ukiwaonyesha watu nyoka aliyefukuliwa, umewaonyesha nyoka. Yeye alitaka waone namna anavyojificha, na kwa hilo ilibidi aachwe alivyo.

Kinyonga alikuwa rahisi kumwona na mgumu kumwacha. Wa milima ya Usambara hukumbatia tawi, huyu wa Namib hana tawi la kukumbatia, hutembea chini, na akiona mbawakawa hukimbia kwa kasi ambayo hungeitarajia kwa kinyonga. Tulimkuta akiwa ubavu kwa jua. Upande uliolielekea jua ulikuwa karibu mweusi ili uvute joto, na ule wa kivulini ulikuwa na rangi ya majivu. Mzee alituzungusha mbali ili vivuli vyetu visimguse, kwa maana kivuli kingemnyima joto alilokuwa akilikusanya.

Katika kurudi alitoa sumaku mfukoni, iliyofungwa ndani ya kitambaa, akaipitisha juu ya michirizi myeusi ya kilima. Chembe nyeusi ziliruka na kushika kitambaa. Ni madini ya chuma, mazito kuliko punje nyingine, na upepo huyaacha juu unapochukua yaliyo mepesi. Mchanga huu mwingi haukuzaliwa hapa. Mto Orange huuteremsha kutoka milima ya Lesotho na nyanda za Afrika Kusini hadi Atlantiki, mawimbi yakausukuma kaskazini kando ya pwani, na upepo ukautoa majini na kuujenga kuwa vilima.

Upepo ulianza karibu na saa sita. Kwanza punje chache ziliruka kwenye migongo ya vilima, kisha mistari ya asubuhi ikaanza kujaa. Kijana alikuwa ametangulia mbele yetu. Alisimama, akaita, "Tate, mbawakawa wawili hapa. Mmoja amepanda, mmoja ameshuka."

Mzee hakwenda kutazama. Aliuliza kutoka alipokuwa, "Yupi amepita baada ya ukungu?"

Kijana alichuchumaa, akaweka shavu karibu na mchanga, akakaa hivyo kwa muda. "Anayeshuka, Tate. Amevunja vishimo."

"Na ukingo?"

"Umelainika upande mmoja."

"Upande wa upepo au upande wa pili?"

Kijana akainama tena kuangalia.