"Upotoshaji" wa Sauti: Istilahi Moja kwa Kasoro Nyingi

Miongozo ya ufundi wa elektroniki iandikwayo kwa Kiswahili hulitumia neno "upotoshaji" kwa kila kasoro isikikayo katika kikuza sauti kilichoundwa kwa mkono. Sauti ikikwaruza, ni upotoshaji. Ikipasuka, ni upotoshaji. Hata spika ikivuma bila ya muziki wowote, mwandishi husema pana upotoshaji. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba istilahi hiyo ina ila mbili, moja ya umbo na nyingine ya maana, na kwamba hii ya pili yaweza kumuunguzia mwanafunzi vifaa vyake.

Ila ya umbo haihitaji maneno mengi. Kitenzi "potosha" ni cha kutendesha, nacho chadai mtendaji. Ndiyo maana twasema fulani amepotosha habari au ushahidi. Transista haina nia. Wimbi la umeme huingia na umbo moja likatoka na umbo jingine, yaani limepotoka, na jina lifaalo ni "mpotoko". "Upotofu" nao haufai, kwani humpeleka msikilizaji kwenye tabia mbaya kabla hajafika kwenye saketi.

Ila ya maana ndiyo nzito. Mpotoko ni badiliko la umbo la wimbi. Pasipo wimbi hapana mpotoko. Basi fundi anayetafuta kasoro huanza kwa kuteremsha kidhibiti cha sauti hadi mwisho. Ikiwa spika ingali inavuma, huo si mpotoko hata kidogo, bali ni mvumo. Katika nchi zetu, ambako umeme wa njia kuu ni wa Hezi 50, mvumo wa ugavi uliogeuzwa kwa diodi nne huwa wa Hezi 100, na dawa yake ni kapasita ya kuchujia au mpangilio bora wa nyaya za ardhi. Mwongozo unaouita mvumo "upotoshaji" umemnyima msomaji jaribio la kwanza na lililo rahisi kuliko yote.

Baada ya mvumo kutengwa, mpotoko wenyewe hauna sura moja. Tuchukue chipu ya LM386, ipendwayo sana na wanaojifunza. Bila ya nyongeza yoyote huikuza ishara mara 20; ikiwekwa kapasita ya mikrofaradi 10 kati ya mguu wa 1 na wa 8, huikuza mara 200. Ikipewa betri ya volti 9, wimbi litokalo haliwezi kupanda wala kushuka zaidi ya volti 4.5 kutoka katikati, na kwa kweli huishia chini ya hapo. Ishara yenye kilele cha milivolti 25 ikikuzwa mara 200 yadai volti 5, ambazo hazipo. Vilele hukatwa, na sikio husikia sauti ikipasuka, hasa inapopandishwa. Dawa ni kupunguza ukuzaji au kupunguza ishara iingiayo. Pengine betri imechoka, na volti zake huanguka kila spika inapodai mkondo mwingi. Kasoro hii twaweza kuiita "mkatiko wa vilele".

Kasoro nyingine hupatikana katika vikuza sauti vyenye transista mbili za kutolea, moja ikibeba nusu ya juu ya wimbi na mwenzake nusu ya chini. Transista ya silikoni haianzi kupitisha mkondo mpaka beisi yake ipate takriban volti 0.6. Hivyo wimbi linapovuka sifuri pana kitambo ambapo zote mbili zimelala, na wimbi huwa na pengo. Huu ni "mpotoko wa kivuko". Husikika kama mkwaruzo, tena huonekana zaidi sauti inapokuwa ndogo, kinyume kabisa cha mkatiko wa vilele. Huondolewa kwa kuziamsha transista hizo kwa mkondo mdogo wa kudumu, ambao aghalabu hupatikana kwa kuweka diodi mbili kati ya beisi zao.

Hapa ndipo madhara yalipo. Mwanafunzi asomaye kwamba "upotoshaji huondolewa kwa kuongeza mkondo huo", ilhali kasoro yake ni vilele vilivyokatika, ataongeza na kuongeza bila ya kupata nafuu. Transista zitapata moto. Na transista ipatapo moto hupitisha mkondo zaidi, nao mkondo huo huizidishia moto, mpaka iungue. Mwongozo haukusema uongo. Umetumia neno moja pahali pa mawili.

La kustaajabisha ni kwamba mafundi wa redio hawana shida hii. Wao husema spika inavuma, inakwaruza, inapasuka, au inapiga mluzi, na kila kitenzi huwaelekeza pa kutazama. Mtungaji wa istilahi angalianza kwao, angalipata nusu ya kazi imekwisha kufanywa. (Tuseme pia, kwa kupita tu, kwamba "kipaza sauti" hutumiwa kwa maikrofoni na kwa spika, na wengine hukiita hivyo hata kikuza sauti chenyewe. Agizo la "kitenge kipaza sauti" halitekelezeki.)

Limebaki jina la ule mkondo mdogo wa kudumu. "Mkondo tuli" litavutia wengi kwa ufupi wake, lakini vitabu vya fizikia vimekwisha kulitumia "umeme tuli" kwa umeme usiotembea, ilhali huu watembea. Sisi twapendekeza "mkondo wa tuo", yaani ule upitao wakati ishara imetua, na tungependa kusikia kutoka kwa walimu wa ufundi kama wanafunzi wao wanalielewa bila ya kufafanuliwa.