Kabla ya Kushusha Gia Boksi

Barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto ina kilomita 33 hivi, na ndani ya kilomita hizo gari hupanda karibu mita 1,000. Upande mmoja ni mwamba, upande wa pili ni korongo. Likishuka, gari hubeba kabichi, karoti, nyanya na, msimu ukifika, plamu na pea. Likipanda hubeba saruji, sukari na kreti za soda. Katika barabara hiyo ndiko nilikojifunza kuiheshimu klachi, na zaidi ya klachi, kumheshimu mtu anayejua inaumwa nini kabla hajashika spana.

Pikapu yetu ilikuwa Toyota Hilux ya dizeli. Ilianza kwa kukataa gia asubuhi. Ukiwasha, ukakanyaga klachi na kutaka kuingiza rivasi, meno yanalia mpaka watu sokoni wanageuka. Namba moja nayo inaingia kwa kulazimishwa. Niliipeleka gereji moja mjini. Hawakuuliza kitu. Kijana alikaa kwenye usukani, akakanyaga mara moja, akasema klachi pleti imekwisha. Kufikia jioni nilikuwa nimelipia pleti mpya, presha pleti mpya, rilizi beringi mpya, na juu yake ufundi. Siku tisa baadaye rivasi ikalia tena, vilevile.

Ndipo dereva mmoja wa kule kwetu akanielekeza kwa mzee wa Mombo. Gereji yake haikuwa na kibao wala sakafu ya saruji. Ilikuwa mwarobaini mkubwa, benchi la mbao na makopo ya mafuta ya taa ya kuoshea vyuma. Watu wote walimwita Babu. Nilimkuta amekaa juu ya kreti, anasafisha kabureta ya pikipiki.

“Shikamoo, Babu.”

“Marahaba. Gari linasemaje?”

Nikamweleza. Hakuinuka. Akauliza, “Lilianza ghafla, au lilikuja polepole?”

“Polepole.”

“Ukipampu pedeli mara tatu nne, gia inaingia?”

Swali hilo hakuna aliyewahi kuniuliza. Lakini mdogo wangu, ambaye ndiye aliyekuwa akiendesha, akajibu kabla yangu: “Inaingia, Babu, tena bila kelele.” Alikuwa ameshajizoesha kupampu bila kujiuliza kwa nini.

“Na mafuta ya breki kwenye kikopo cha klachi, mnaongeza?”

“Kila baada ya wiki mbili hivi.”

Hapo ndipo alipoweka kabureta chini. Alikwenda mlango wa dereva, akapiga magoti, akaingiza mkono nyuma ya pedeli, pale fimbo inapoingia kwenye masta ya klachi. Vidole vilitoka vimelowa. Alivisuguanisha, akavinusa, akatuonyesha bati la chini yake: rangi ilikuwa imebambuka, maana mafuta ya breki hula rangi, na kubambuka kule hakukuwa kwa wiki moja. Masta ilikuwa inavujia ndani ya gari, taratibu, chini ya zulia, mahali ambapo mtu anayetazama uvunguni hawezi kuona tone.

Ili ukubwa wa tendo lile uonekane, lazima niseme kidogo jinsi chombo chenyewe kinavyofanya kazi. Flaiwili imefungwa nyuma ya krenki, inazunguka na injini muda wote. Presha pleti imefungwa kwa boliti juu ya flaiwili, nayo inazunguka nayo. Katikati yao imebanwa klachi pleti, ambayo haijafungwa kwenye injini kabisa. Meno ya kitovu chake yameshika shafti ya gia boksi tu. Ukikanyaga pedeli, mafuta yanasukumwa kutoka masta hadi silinda ya chini, silinda inasukuma foku, foku inasukuma rilizi beringi, nayo inabonyeza vidole vya springi ya presha pleti. Mbano unalegea, pleti inabaki huru kati ya nyuso mbili za chuma, na gia zinapata utulivu wa kuingia. Nafasi ambayo pleti huipata kila upande haifiki hata milimita 1. Uhuru wa gari zima unategemea uwazi mdogo kiasi hicho! Raba ya masta ikilegea kidogo tu, mafuta yakarudi nyuma badala ya kwenda mbele, uwazi huo haupatikani; pleti inaendelea kuburuzwa, na rivasi, ambayo kwenye magari mengi haina msaada wa kulinganisha mwendo kama gia za mbele, ndiyo ya kwanza kulalamika. Mafundi husema klachi haikati. Ukipampu unaongeza mafuta kidogo kidogo mpaka uwazi unapatikana. Swali la Babu halikuwa la kubahatisha hata chembe.

Matengenezo yenyewe yalimaliza saa moja na nusu. Alifungua masta, akaiosha kwa mafuta mapya ya breki, si kwa petroli, kwa kuwa raba zile hazipatani na mafuta mengine. Anayejaza oili ya injini kwenye kikopo kile anazivimbisha zote. Akapitisha ncha ya kidole ndani ya silinda kutafuta mkwaruzo. Hakuupata. Akaweka raba mpya, kisha ikaja kazi ya kutoa upepo, ambayo naipenda kuisikia hata leo. Mdogo wangu juu kwenye pedeli, Babu chini na spana namba 10, na sauti zikipokezana: “Kanyaga.” “Nimekanyaga.” “Shikilia.” “Nimeshikilia.” Nipo ya kutolea upepo inafunguliwa, mafuta yanatoka na mapovu, nipo inafungwa. “Achia.” Mara kumi, mara kumi na tano, mpaka mafuta yanatoka meupe bila povu na pedeli inakuwa ngumu chini ya mguu. Raba zilinigharimu chini ya bei ya kreti moja ya soda.

Nimeifikiria siku ile mara nyingi. Pleti niliyouziwa mjini haikuwa mbovu, na niliyotolewa huenda nayo haikuwa mbovu. Kushusha gia boksi ni kazi kubwa: kuchomoa propela, kufungua maunti, kulala chali chini ya chuma kizito nusu siku nzima. Kazi kubwa ina malipo makubwa, na mteja akiona boliti nyingi zimetandazwa kwenye gunia huridhika kwamba ametumikiwa. Anayegundua raba mbovu kwa maswali matatu hulipwa pesa ya raba. Naamini mpangilio huu si wa haki. Ufundi wa Babu siku ile ulikuwa katika kazi ambayo hakuifanya, na sisi wateja tungepaswa kujifunza kuilipia. Mimi nilimpa zaidi ya alichotaja. Alizihesabu noti, akabaki na kiasi alichosema mwenyewe, nyingine akamkabidhi mdogo wangu.

Baada ya hapo nilikuwa nikipita Mombo najikalisha pale kwenye kreti, hata gari likiwa zima. Nilimwona akitenganisha sauti kama mtu anayechambua mchele. Gari likiwa fri na injini ikiunguruma, kelele ikianza unapokanyaga klachi, hiyo ni rilizi beringi. Ikiwa inalia ukiachia na kunyamaza ukikanyaga, usiguse klachi. Ni beringi ya shafti ndani ya gia boksi, maana ukikanyaga shafti ndiyo inayosimama. Gari linalotetemeka wakati wa kuondoka linaweza kuwa na oili kwenye pleti, lakini pia linaweza kuwa na maunti ya injini iliyopasuka, na yeye alianza daima na maunti, kwa kuwa inaonekana kwa macho na haidai kushusha kitu.

Miaka miwili baadaye zamu ya kushusha ilifika kweli. Tulikuwa tumebeba saruji, tumebakiza kona chache kufika Soni, mlio wa injini ukapanda na gari halikupanda. Moshi mwepesi ukaingia kwa chini, na harufu kama ya kwato iliyochomwa. Hapo klachi haikushindwa kukata; ilishindwa kushika. Tulishusha mifuko kando ya barabara, tukarudi Mombo tupu, gia namba tatu, bila kuharakisha.

Hata kwa harufu ile, Babu hakukimbilia uvunguni. Kwanza aliibonyeza pedeli kwa vidole viwili kuona mchezo wake wa juu, ule wepesi kabla ya kuanza kusukuma, kwa sababu pedeli isiyo na mchezo huifanya rilizi beringi ilalie springi wakati wote, na klachi nzima ikateleza kwa kosa la nati moja. Yeye alipima kwa upana wa kidole. Nilipokuja kuona kitabu cha ufundi cha Toyota, kiliandika milimita 5 hadi 15; kidole chake kiko humohumo. Mchezo ulikuwapo. Akavuta hendibreki, akaweka gia namba tatu, akakanyaga mafuta kidogo na kuachia klachi taratibu. Injini yenye klachi nzima huzimika hapo hapo. Yetu iliendelea kuunguruma. Akazima upesi asiiunguze zaidi, akamwita kijana wake alete jeki.

Pleti ilipotoka ilikuwa nyeusi na inang’aa. Alipitisha ukucha juu ya riveti. Kwenye pleti nzuri ukucha huanguka shimoni kabla ya kugusa kichwa cha riveti. Hapa uliteleza moja kwa moja. Vumbi hakulipuliza kwa kompresa. Alilifuta kwa kitambaa kilicholowa, na vijana wake aliwafundisha hivyo, kwa kuwa pleti za zamani zilitengenezwa kwa asbesto na vumbi lake huua mapafu polepole. Kisha akauonyesha upande mmoja wenye unyevu. Oili sili ya nyuma ya krenki ilikuwa inavuja. “Ningekuwekea pleti peke yake,” alisema, “ungerudi hapa kabla ya Ramadhani.” Akabadilisha sili. Flaiwili ilikuwa na madoa ya bluu ya moto, ikapelekwa ikakerezwe.

Katika kurudisha ndimo nilimopenda kumtazama zaidi. Pleti ina upande wa flaiwili na upande wa gia boksi, na ikigeuzwa springi za kitovu hugonga boliti. Aliipima bila kuifunga, akaizungusha kwa mkono, kisha akaishikilia katikati kwa kipande cha shafti ya gia boksi kuukuu alichokikata kwa kazi hiyo tu. Boliti za presha pleti alizikaza kwa kuvuka, hii na ile inayoikabili, kila moja kidogo, akazunguka tena. Gia boksi ilipoinuliwa alikataa katakata isivutwe kwa boliti wala kuachwa ining’inie juu ya pleti, maana uzito ule huipinda. Watu watatu waliishikilia kimya, yeye akiizungusha shafti nywele kwa nywele, hadi meno yakakubaliana na boksi ikaingia yenyewe kwa mlio mdogo wa kop. Alitabasamu kila mara aliposikia mlio huo. Katika muda wote niliomfahamu sijaona tabasamu lake lingine likiwa pana hivyo.

Pleti ya zamani aliiweka benchi, akaitazama tena. Kando ya oili, alisema, kuna kitu kingine: imeliwa sawasawa mzunguko mzima, na vidole vya springi vimechakaa ncha. “Nani anaendesha?”

Mdogo wangu akainua mkono.

Babu alipanda kiti cha abiria, akasema twende mpaka kona ya kwanza. Mimi nikakaa nyuma kwenye bodi. Kupitia kioo niliona kila kitu: mlimani mdogo wangu alisimama nyuma ya basi lililokuwa likishusha abiria, hakuvuta hendibreki, akaishikilia Hilux kwa klachi nusu nusu, injini ikinung’unika. Basi likaondoka, akaongeza mwendo, akabadilisha gia, na mguu wa kushoto ukabaki umepumzika juu ya pedeli. Babu hakusema neno. Alinyoosha mkono, akamgusa goti la kushoto, mara moja. Mguu ukashuka, ukakaa sakafuni, tukaendelea kupanda.