Nakala ya Siri Hulindwa na Bahasha

Septemba 2015, kliniki ya 56 Dean Street jijini London ilituma jarida la huduma zake za VVU kwa watu 781, anwani zote zikiwa wazi. Anwani 730 zilibeba majina kamili ya wenyewe. Mwaka uliofuata taasisi inayoisimamia ilipigwa faini ya pauni 180,000. Pale alikosea mtu. Programu inaweza kurudia kosa hilo kila usiku, na anayeiandika anapaswa kujua linakotokea.

Barua pepe husafiri na orodha mbili za wapokeaji. Ya kwanza ni bahasha: kabla ya kutuma barua, programu huitajia seva kila anwani kwa amri ya RCPT TO. Ya pili ni kichwa cha barua, yaani mistari ya To na Cc anayoiona msomaji. Seva hufuata bahasha; kichwa haikiangalii.

Chukua smtplib, maktaba ya Python ya kutuma barua pepe. Ukiandika Cc kichwani bila kuiongeza kwenye bahasha, jina litaonekana lakini barua haitamfikia mwenyewe. Ukiandika Bcc, yaani nakala ya siri, kichwani kisha ukaita sendmail(), mstari huo hutumwa kama ulivyo, na siri inaweza kufika hadi kwa wasomaji. Aliyezoea mail() ya PHP kwenye Linux hunaswa hapa, kwa sababu kule programu ya sendmail husoma kichwa na kuifuta Bcc yenyewe.

Dawa ni mstari mmoja: wote = kwa + nakala + siri. Orodha hiyo iende kwenye bahasha, kichwani zibaki To na Cc tu. Iwe orodha kweli, maana anwani zilizounganishwa kwa mkato huhesabiwa kuwa anwani moja. Tangu Python 3.2, send_message() hufanya kazi hiyo yote na kuiacha Bcc nyuma.

Kagua pia jibu linalorudi. Kuhusu wapokeaji, smtplib hulalamika pale tu wote wanapokataliwa. Wakikataliwa wachache, hurudisha anwani zao kimyakimya, na asiyezisoma hatajua nani amekosa barua.

Kwa wagonjwa, wadaiwa au walalamikaji, usitegemee Bcc kabisa. Mtumie kila mmoja barua yake. Barua isiyobeba anwani ya mwingine haina cha kuvujisha.