Mfyatua Matofali wa Garsen

Karibu na Kipini, mto Tana wa Kenya unapoingia baharini, magofu ya Ungwana yanaonyesha kuta za mawe ya matumbawe na chokaa. Ukipanda mto hadi mji wa Garsen, mawe hayo hayapo. Kuna udongo tu, ulioletwa na mto huu wa kilomita zipatazo 1,000 kutoka nyanda za juu. Mafuriko ya mwisho wa 2023 yalipozamisha vijiji vya Tana, kuta za udongo mbichi hazikuhimili. Tofali la kuchoma linahitajika hapa, na anayelifyatua anastahili kutazamwa.

Mzee ninayemtazama huanza kwa kuchagua udongo. Ule mweusi haufai peke yake: hunywa maji ukafura, ukikauka hupasuka. Huuchanganya na mchanga wa mtoni, kisha humega kidonge na kukiviringisha kiwe kama kamba. Kikikatika anapokikunja, mchanga umezidi; kikimnata vidoleni, haujatosha. Huuonja pia kwa ulimi, kwa sababu udongo wenye chumvi huacha unga mweupe ukutani.

Udongo hulala umelowekwa chini ya magunia, asubuhi hukanyagwa. Unyayo wake hutambua kijiti au kokoto ndogo ndani ya tope zito, naye huinama kukitoa kila mara.

Kisha kalibu, fremu ya mbao isiyo na kifuniko wala kitako. Huichovya majini, akainyunyizia mchanga mkavu, akarusha donge ndani kwa nguvu hadi pembe nne zijae. Donge likipungua haongezi kipande juu, maana hapo ndipo ufa utakapozaliwa. Hulitoa lote akaanza upya. Husawazisha kwa ubao, akainua kalibu wima. Tofali hubaki chini, kingo zimenyooka.

Sasa husubiri, na hapa ndipo ninapomstahi zaidi. Jua la Garsen hukausha ngozi ya tofali kabla ya moyo wake, nalo tofali likapinda. Kwa hiyo hulifunika kwa nyasi, hulisimamisha ubavu, hulihamisha, siku baada ya siku. Baada ya wiki mbili hivi huvunja moja. Katikati kukiwa bado na giza la unyevu, yote yaliyobaki husubiri tena, hata mteja akinung'unika. Ukuta wa matofali ukibomoka, nani ataukarabati ikiwa subira hii imepotea?

Tanuri ni matofali yenyewe, yaliyopangwa kwa kuachiana upenyo, mahandaki ya kuni chini, tope likipakwa nje. Kuni zake ni mathenge, mti wa kigeni uliopandwa eneo la Bura miaka ya 1980 na kuvamia malisho. Nafurahi hakati miti ya msitu wa mtoni, makao ya mbega wekundu wa Tana wasiopatikana kwingine duniani.

Moto wa kwanza ni mdogo. Moshi mzito mweupe ni maji yanayotoka. Moto ukikuzwa mapema, tofali hupasuka. Weupe ukiisha, ndipo huongeza kuni usiku na mchana, kisha huziba midomo ya mahandaki na kuacha tanuri lipoe lenyewe.

Akilifungua, hugonganisha matofali mawili mawili karibu na sikio. Yanayolia kwa sauti kali huenda kwa mteja. Yenye sauti butu huyatenga, yaingie tena tanuri lijalo, mstari wa karibu na moto.