Upinde wa Wahadzabe si kumbukumbu: video zinachokikata

Andika neno "Hadzabe" kwenye YouTube uone kitakachokuja. Mgeni anafika maeneo ya Ziwa Eyasi alfajiri, anaota moto na wenyeji, anafuatana na vijana wenye pinde. Mshale unaruka, ndege au nyani anaanguka, nyama inachomwa. Kabla ya kuaga, mgeni anapewa upinde ajaribu. Anavuta mpaka mishipa ya shingo inamtoka, upinde unagoma, watu wanacheka. Na kichwa cha video hakikosi maneno haya: wawindaji wa mwisho, silaha ya kale, maisha yasiyobadilika. Hata filamu ya Bill Benenson ya mwaka 2014, ambayo si ya kukimbilia "views", ilipewa jina The Hadza: Last of the First, yaani wa mwisho kati ya wale wa kwanza.

Sikatai, hizi video natazama na nyingine narudia. Lakini zina tatizo. Zinausifia upinde kwa uzee wake tu, wakati upinde umedumu kwa sababu nyingine: unafanya kazi, na una msitu wa kufanyia kazi. Tukiendelea kuusifia kwa uzee, siku msitu ukiisha tutadhani upinde umekufa kwa kupitwa na wakati.

Tuanze na kile kipande cha mgeni kushindwa kuvuta. Kwangu ndicho kipande bora, na ndicho kinachopotezwa kwa kicheko. Mwanaanthropolojia Frank Marlowe, aliyefanya utafiti kwa Wahadzabe kwa miaka mingi na kuchapisha kitabu juu yao mwaka 2010, alipima pinde zao na kukuta zinahitaji kwa wastani nguvu ya kama kilo 30 kuzivuta. Tupige hesabu ya haraka. Kilo 30 ni kama nyutoni 300. Ukivuta kwa nusu mita, nguvu inaanzia sifuri na kupanda taratibu, kwa hiyo nishati inayohifadhiwa ni karibu nusu ya 300 mara 0.5, yaani jouli 75. Hiyo ni sawa na kuinua ndoo ya maji ya lita 20 karibu sentimita 38 kutoka chini. Sio kazi kubwa, si ndio? Shida ni kuifanya kwa vidole, mgongo na bega, ukiwa umetulia na unalenga.

Na kwa nini ujisumbue, usirushe tu mkuki? Watoto wa huku kwetu Mbezi Luis wanalijua jibu bila kufundishwa. Jiwe la kurusha kwa mkono haliendi kama la manati, ingawa mkono ni uleule. Msuli una nguvu nyingi pale unapojikunja polepole, ukilazimishwa kwenda kasi nguvu inashuka. Mpira wa manati unapokea kazi ya polepole, unaitunza, halafu unairudisha yote kwa kufumba na kufumbua. Upinde unafanya hivyohivyo kwa mti na kano. Video ingeweza kusema haya kwa sekunde ishirini, badala yake inaweka ngoma na kuendelea.

Sasa hilo la "kutobadilika". Simamisha video, itazame ncha ya mshale. Mara nyingi ni chuma. Wahadzabe hawayeyushi chuma. Wanachukua msumari wa kawaida na kuugongagonga mpaka uwe chembe ya mshale, au wanabadilishana vitu na wahunzi wa Kidatoga. Yaani "silaha ya kale" ina msumari kama ule unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi karibu na stendi ya Magufuli. Hilo halipunguzi hadhi ya mwindaji hata kidogo. Linaonyesha fundi anayechagua malighafi nzuri anapoipata, kama fundi mwingine yeyote.

Kinachonikera zaidi ni uhariri. Kwa mnyama mkubwa, mshale peke yake mara nyingi hautoshi, kazi inamaliziwa na sumu. Wahadzabe huipata kwenye mimea miwili, Adenium na Strophanthus. Adenium unaijua: ule mmea wa shina lililovimba na maua ya pinki, unaouzwa kwenye vitalu vya maua hapa Dar. Sumu hizi huziba pampu ya sodiamu na potasiamu iliyopo kwenye seli, na moyo unavurugika. Pampu hiyo ilielezwa na Jens Skou wa Denmark mwaka 1957, akapata Nobeli ya Kemia mwaka 1997. Na dawa ya moyo iitwayo strofanthini ilitokana na sumu ya mishale ya eneo la Zambezi, baada ya John Kirk, aliyekuja baadaye kuwa balozi wa Uingereza Zanzibar, kuona inavyobadilisha mapigo ya moyo. Wawindaji walikuwa wameijua kazi yake muda mrefu kabla ya maabara.

Lakini sumu haiangushi mnyama papo hapo. Mwindaji anasubiri, kisha anafuata nyayo, damu na majani yaliyolala, pengine kwa saa nyingi. Hapo ndipo penye akili ya uwindaji, na hapo ndipo mhariri anapokata. Tunabaki na mshale kuruka na nyama kuiva.

Kuna gharama ya kukata hivyo. Jirani zetu Kenya, Waata walivuta pinde nzito zaidi na kuwinda tembo kwa mishale ya sumu. Hifadhi ya Tsavo ilianzishwa mwaka 1948, na katika operesheni ya 1956 na 1957 wengi wao walikamatwa na kufungwa. Upinde uleule, ujuzi wa aina ileile: kule ukaitwa ujangili, Eyasi unaitwa kivutio. Majina yote mawili yametolewa na watu wa nje.

Wahadzabe wako elfu moja na kidogo tu. Mang'ola, ambako video nyingi hupigwa, ni eneo maarufu kwa vitunguu vya kumwagilia, na mashamba na mifugo vimeingia kwenye ardhi waliyokuwa wakiwinda. Bonde la Yaeda walipata hatua muhimu mwaka 2011: hati ya haki miliki ya kimila kwa ardhi ya pamoja, kwa msaada wa shirika la Ujamaa Community Resource Team. Karatasi hiyo haivutii kwenye kamera, ila kwa uhai wa upinde ina uzito kuliko video zote nilizotazama.

Kwa hiyo wadau, mkitengeneza au kusambaza video inayofuata, acheni kamera iende mbali kidogo. Tuonyesheni mti wa upinde unakatwa wapi, mnyama wa kano alipatikana wapi, na ni nani mwenye hati ya hilo pori. Mgeni kushindwa kuvuta mwacheni abaki, anachekesha. Mwelezeni tu kwa nini ameshindwa.