Mtunzi Anayejichapishia: Uhuru na Gharama Yake katika Riwaya za Ben Mtobwa

Katika uhakiki wa riwaya ya Kiswahili, mtunzi anayejichapishia kazi zake aghalabu hutengewa aya moja, tena ya mwisho. Hutajwa chini ya kichwa cha fasihi pendwa, akalaumiwa kwa kupenda fedha, kisha mjadala ukarejea kwa Kezilahabi au Mohamed Suleiman Mohamed. Lawama hiyo inaficha swali la msingi, yaani, jinsi hali ya kujichapishia inavyoathiri fani yenyewe. Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kumrejelea Ben R. Mtobwa (1958–2008), mzaliwa wa Kigoma na mwasisi wa Heko Publishers ya Dar es Salaam.

Mtobwa aliingia katika utunzi wakati milango rasmi ilikuwa ikifungwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka wa 1977, na kwa hiyo mashirika yake ya pamoja yakasambaratika. Vita vya Kagera vya 1978–79 na uhaba wa fedha za kigeni uliofuata viliifanya karatasi kuwa adimu nchini Tanzania. Mchapishaji wa umma aliyelazimika kuchagua kati ya kitabu cha kiada na riwaya ya upelelezi alijua wajibu wake. Kwa hivyo, kujichapishia hakukuwa tu tamaa ya faida. Kwa watunzi wengi vijana wa miaka ya 1980, ndiyo njia iliyokuwa wazi.

Kuhusu athari, ni desturi kumtaja James Hadley Chase na kuishia hapo. Ukweli ni kwamba Mtobwa alirithi pia mapokeo yaliyokwisha kuota mizizi katika Kiswahili: Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla katika *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960), *Simu ya Kifo* (1965) ya Faraji Katalambulla, na hasa Willy Gamba wa A. E. Musiba, aliyeanza safari yake katika *Kufa na Kupona* (1974). Hata hivyo, alichokirithi alikigeuza. Gamba ni jasusi wa dola. Hutumwa, hupewa fedha na hurudi kutoa ripoti. Joram Kiango wa Mtobwa ni mpelelezi wa kujitegemea. Hata anapopambana na maadui wa taifa, hufanya hivyo kwa hiari na kwa kiburi chake mwenyewe. Si vigumu kuona katika mhusika huyu sura ya mtunzi asiyesubiri kuagizwa na taasisi yoyote.

Athari ya soko inaonekana wazi zaidi katika anwani. Watangulizi wake walipendelea anwani za nomino. Musiba, kwa mfano, ana *Kikosi cha Kisasi*, *Njama* na *Hofu*. Anwani nyingi za Mtobwa ni kauli za mtu anayesema: *Lazima Ufe Joram*, *Najisikia Kuua Tena*, *Pesa Zako Zinanuka*, *Tutarudi na Roho Zetu?* Ni vitisho, ungamo, tusi na swali. Mtunzi asiye na wakala wala bajeti ya matangazo hana budi kukifanya kitabu kijinadi chenyewe juu ya meza ya muuzaji. Jina la Joram, linalojirudia kutoka kitabu hadi kitabu, hufanya kazi iyo hiyo, kwani msomaji aliyeridhika jana humtambua shujaa wake leo. Hivyo hitaji la biashara limezaa mbinu ya kifani inayostahili kuchambuliwa kama mbinu.

Haina maana kwamba uhuru huo haukuwa na gharama. Mtunzi aliye pia mchapishaji hukosa jicho la pili lenye mamlaka ya kumkatalia. Sadfa zinazomwokoa shujaa dakika ya mwisho, na wanawake wanaosifiwa kwa urembo kabla hawajapewa nia yao wenyewe, ni kasoro ambazo mhariri mkali angezihoji. Tena, aliyeepa amri ya mchapishaji hujikuta chini ya amri ya mnunuzi, naye mnunuzi hutaka Joram aishi. Swali la *Tutarudi na Roho Zetu?* (1987) limekwisha kujibiwa na mfululizo wenyewe. Pengine ndiyo sababu *Dar es Salaam Usiku* (1990), riwaya ya jiji na ukahaba wake isiyomtegemea Joram, inaonyesha upana zaidi wa kipawa chake. Riwaya hiyo ilichapishwa upya jijini Nairobi na East African Educational Publishers mwaka wa 1998.

Mhakiki hatakiwi kumsamehe mtunzi wa aina hii kwa sababu ya dhiki yake, wala kumhukumu kwa sababu ya soko lake. Anatakiwa kumsoma. Vitabu vilivyochapwa kwa karatasi hafifu huchakaa upesi, na maktaba isiyovihesabu kuwa fasihi haioni haja ya kuvihifadhi. Iwapo idara za Kiswahili zitaendelea kungoja muda uamue kipi ni bora, hukumu itatolewa na mchwa, na historia ya riwaya itaandikwa bila vitabu ambavyo wasomaji walivinunua kwa fedha zao wenyewe.